Kiwanda Kikipunguza Watu, Msaada Uende Wapi?



Mwezi huu tunaomba ruhusa ya kuvuka bahari kidogo. Jambo tutakalolieleza ni la Kilosa na Mikumi, huko Mkoa wa Morogoro, na kwa mtazamo wa kwanza laonekana halina khabari na mikarafuu yetu. Lakini kila tukikutana matawini swali huwa ni moja: Serikali ituletee kiwanda, ituletee mwekezaji, vijana wetu wapate kazi. Ombi hilo ni la haki na hatulipingi. Twasema tu kwamba mwenye kuomba yafaa awatazame kwanza waliopewa kabla yake. Watu wa Kilosa wamepata viwanda, wamevipoteza, na wamepata vingine. Yaliyowafika ni somo, na somo hilo halitozi ada.

Maoni yetu tunayatanguliza ili msomaji ajue tunakokwenda. Kiwanda kinapopunguza watu, msaada wa Serikali hudumu pale unapomfikia mtu mkononi mwake: ardhi yenye hati, mizani ya haki, na chama chenye sauti. Msaada ukiishia kwa mwenye kiwanda peke yake, utaondoka siku atakayoondoka yeye.

Mji wa Kilosa uko juu ya reli ya kati. Mikumi iko kusini yake, kwenye barabara kuu iendayo Iringa, karibu na mbuga ya wanyama iliyoanzishwa mwaka 1964. Mtu akiiacha barabara hiyo pale Mikumi akashika njia ya Kidatu, haendi mbali kabla hajaanza kuona miwa, huku na huku, mpaka Mto Ruaha Mkuu.

Kabla ya miwa, mali ya wilaya ile ilikuwa mkonge. Kimamba, Rudewa na Msowero ni majina yaliyojulikana na kila mfanya kazi wa zamani. Mwaka 1964 Tanganyika ilitoa kiasi cha tani 230,000 za mkonge, na hapakuwa na nchi duniani iliyoipita. Watu walitoka mikoa ya mbali kuja kufanya kazi kwa mkataba; hao ndio walioitwa manamba. Walilala katika kambi za shamba, walinunua katika duka la shamba, na walipougua walitibiwa na shamba.

Kisha kamba za nailoni zikaingia sokoni na bei ya mkonge ikaanguka. Mwaka 1967 Serikali ilitaifisha mashamba mengi, lakini bei haikupanda kwa kutaifisha, na mashine za kusaga mkonge, zile ziitwazo korona, zikazeeka bila ya kubadilishwa. Mwisho wa miaka ya 1990 nchi nzima ilikuwa ikitoa kiasi cha tani 20,000 tu. Nani aliyeumia zaidi? Mwenye shamba alikuwa na hati na alikuwa na benki. Manamba hakuwa na chochote. Nyumba ilikuwa ya shamba, ardhi ilikuwa ya shamba, na kwao alikotoka alikuwa ameshasahauliwa. Alipopoteza ujira alipoteza na mahali pa kulala.

Mashamba yale yakageuka kuwa mapori. Watu wakalima vipande humo kwa kujiibia, mwaka huu hapa, mwaka ujao pale, bila ya kujua ni lini mwenye hati atarudi. Wafugaji nao wakaja na ng'ombe wao wakitafuta malisho. Mwezi wa Disemba mwaka 2000, katika kijiji cha Rudewa Mbuyuni, watu 38 waliuawa katika ugomvi wa wakulima na wafugaji. Hatusemi kwamba mkonge ndio uliowaua. Twasema kwamba katika wilaya ambayo mashamba makubwa yamelala na raia hawana pa kulima, ugomvi hupata kuni za kuwakia. Baadaye Serikali ilifuta hati za mashamba kadhaa ya Kilosa yaliyotelekezwa ili yagaiwe wananchi. Hilo lilikuwa jambo jema, lakini lilikuja baada ya miaka mingi. Lau lingefanywa wakati korona zilipokuwa zikizimwa, manamba wangepata pa kuanzia.

Pana mfano mwingine usiokuwa mbali na hapo. Katika mji wa Morogoro kilijengwa kiwanda cha viatu kwa mkopo wa Benki ya Dunia. Kilikusudiwa kutoa jozi milioni 4 kwa mwaka, nyingi ziuzwe Ulaya. Hakikupata kutoa zaidi ya kiasi cha asilimia 5 ya uwezo wake, na mwaka 1990 kilifungwa. Majengo yalikuwepo, mashine zilikuwepo, na fedha zilikuwa zimeshatumika. Kilichokosekana ni ngozi nzuri ya kutosha, mafundi waliozoea kazi, na mnunuzi wa viatu. Kiwanda kilianzwa kwa paa, msingi ukaachwa uje wenyewe.

Sasa tuitazame sukari, maana hapo pana khabari ya matumaini kidogo. Kampuni ya Sukari ya Kilombero ilianza kutoa sukari mwanzo wa miaka ya 1960. Kiwanda cha kwanza kiko Msolwa, kusini ya Ruaha. Cha pili kilijengwa katika miaka ya 1970 huko Ruembe, upande wa Kilosa. Viwanda hivi pia vilitaifishwa, na vilipofika miaka ya 1990 vilikuwa vimechoka. Mwaka 1998 Serikali iliuza sehemu kubwa kwa kampuni ya Illovo ya Afrika ya Kusini na mshirika wake, ikabakisha asilimia 25 mkononi mwake.

Baada ya kuuzwa, wafanya kazi walipunguzwa. Kazi nyingi zilizokuwa za ajira ya kudumu, kama vile kukata miwa, zilipewa mawakala wanaoajiri watu kwa msimu. Sukari iliongezeka ikapita tani 100,000 kwa mwaka, na wakati huohuo watu wenye ajira ya kudumu walipungua. Mambo haya mawili yalikwenda pamoja, na wanachama wetu wayashike vizuri. Kiwanda kinaweza kustawi na mji wake ukapunguziwa kazi. Hivyo mtu akitwambia kiwanda fulani kimeongeza mazao, tumshukuru, kisha tumwulize: na watu je?

Kilichoiokoa Ruembe isiwe kama Kimamba ni wakulima wa nje. Ndivyo wanavyoitwa wale wanaolima miwa katika mashamba yao wenyewe na kuiuza kiwandani. Baada ya 1998 idadi yao ilipanda sana, na baadhi yao walikuwa ni watu waliopunguzwa kazini. Waliotoka kiwandani walikuwa wanaujua muwa: wanajua mbegu ipi huzaa, lini hupaliliwa na lini huwa tayari. Waliyakosa mashahara lakini walikuwa na kijiji, na kijijini palikuwa na eka mbili tatu za kupanda. Walikuwa na vyama vyao, kama Chama cha Wakulima wa Miwa Ruembe na kile cha Kilombero ng'ambo ya mto. Wakapata njia za kupitisha magari, na wakaanza kukaa meza moja na kampuni kuzungumza bei. Kabla ya upanuzi wa kiwanda ulioanza mwaka 2021, wakulima hawa walikuwa maelfu kwa maelfu, na walikuwa wakipeleka kiasi cha tani 600,000 za miwa kwa mwaka.

Tofauti ya Kimamba na Ruembe ndiyo hiyo. Kote wawili watu walipoteza kazi. Kule kwa kwanza hapakuwa na kitu cha kushika baada ya ujira kukatika. Kule kwa pili palikuwa na shamba, na palikuwa na chama.

Hata hivyo haifai kuisifu Ruembe kupita kiasi. Mkulima wa miwa ana mnunuzi mmoja tu. Muwa haungoji: ukishachomwa na kukatwa, sukari yake huanza kupungua upesi, basi mkulima hawezi kuuchukua akaupeleka kwengine, wala kuuweka ghalani kungojea bei. Bei yake hutegemea uzito na kiasi cha sukari iliyomo katika muwa, na vyote viwili hupimwa kiwandani. Kwa miaka mingi malalamiko yao makubwa yalikuwa haya: vipimo hawavioni, na kiwanda kikishiba, miwa yao hubaki shambani mpaka msimu unapita. Walihimizwa kupanda, wakapanda, kisha mlango ukawa mdogo.

Mwaka 2021 ulitangazwa mpango wa kupanua kiwanda, kwa gharama iliyokadiriwa kuwa zaidi ya shilingi bilioni 570, ili sukari ipande mpaka kiasi cha tani 271,000 kwa mwaka, na miwa ya wakulima wa nje ipande kutoka tani 600,000 mpaka zaidi ya mara mbili. Na huko Mbigiri, katika wilaya hiyohiyo ya Kilosa, kimejengwa kiwanda kipya cha Mkulazi, kwa fedha za Mfuko wa NSSF wakishirikiana na Jeshi la Magereza. Rais alikizindua mwezi wa Agosti 2024, na uwezo wake ni tani 50,000 kwa mwaka. Mwaka huohuo treni za reli mpya zilianza kupita Kilosa zikienda Dodoma. Haya ni mambo makubwa, na mwenye haki yake apewe: Serikali imetia fedha.

Lakini fedha hizo zinalindwa na nini? Mapema mwaka 2024, baada ya mvua nyingi kuzuia kuvuna, sukari iliadimika na bei ikapanda mpaka mwananchi akashindwa kunywa chai. Serikali ikaruhusu sukari ya nje iingizwe, na Sheria ya Fedha ya mwaka huo ikaipa Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula ruhusa ya kuagiza na kuhifadhi sukari. Pakazuka mabishano makali, hata Bungeni. Mlaji alikuwa na haki ya kupata sukari. Mkulima naye alikuwa na haki ya kuuliza: ikiingia nyingi kuliko upungufu, miwa yangu itanunuliwa na nani? Ruhusa moja ikitolewa bila ya kipimo yaweza kubomoa kiwanda kilichojengwa kwa miaka mitano. Kwa hiyo siasa ya bei na ya mizigo ya nje nayo ni msaada wa kazi, ijapokuwa haikatiwi utepe.

Na yule aliyepunguzwa, mtu mwenyewe, sheria inampa nini? Kwa sheria ya ajira ya Bara ya mwaka 2004, mwajiri anayetaka kupunguza watu lazima atoe taarifa na ashauriane na chama cha wafanya kazi, kisha alipe kiinua mgongo cha ujira wa siku 7 kwa kila mwaka uliotimia, isizidi miaka 10. Tufanye hesabu. Mtu aliyetumikia miaka 20 hulipwa sawa na wa miaka 10, yaani ujira wa siku 70. Mkata miwa wa msimu, mkataba wake ukimalizika kwa muda wake, hana hata hiyo. Mwanachama wa mfuko wa hifadhi aliyetimiza masharti hupata fao la kukosa ajira, theluthi ya mshahara kwa miezi 6. Halmashauri nazo hutenga asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa mikopo: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa wenye ulemavu. Basi mchukue mwanamume wa miaka 50 aliyesimamia mtambo maisha yake yote. Si mwanamke, si kijana, na tumwombee Mungu asiwe kilema. Mlango wake uko wapi?

Hapo ndipo tunapoona kasoro kubwa. Mwekezaji akija hupokewa na sheria nzima. Sheria ya uwekezaji ya Bara ya mwaka 2022 ilishusha hata kima cha mtaji kwa mwekezaji mzalendo mpaka dola 50,000 ili wengi zaidi wapate misamaha. Hatuna ugomvi na hilo. Lakini anayetoka mlangoni na bahasha ya siku 70 hana ofisi moja ya kumpokea na kumwuliza: una ujuzi gani, una ardhi gani, twende wapi?

Sasa turudi kwetu. Mambo ya kilimo si ya Muungano. Sheria zetu twajitungia wenyewe hapa Zanzibar, na hivyo hatuna wa kumsingizia. Sisi pia tumeonja. Kiwanda cha sukari cha Mahonda kilisimama miaka mingi kabla ya kufufuliwa. Katika miaka ya 1980 Indonesia, aliyekuwa mnunuzi wetu mkubwa, alitosheka na mikarafuu yake mwenyewe, na bei ikaanguka hata watu wakaiacha mikarafuu izongwe na magugu. Mkarafuu huo huo uliojenga mji ulikuwa haulipi gharama ya kuuchuma.

Mwaka 2011 Shirika la ZSTC lilianza kumpa mkulima asilimia 80 ya bei ya soko la dunia, na watu wameirudia mikarafuu yao. Tunalishukuru. Lakini mwanachama aone tulivyofanana na mtu wa Ruembe: nasi mnunuzi wetu kwa sheria ni mmoja, na mizani ni yake. Tofauti ni kwamba karafuu ikikauka vyema juu ya jamvi huweza kungoja, na muwa hauwezi. Hiyo ni neema, na aliye na neema ajue kuitumia. Pale Wawi tunacho kiwanda cha mafuta ya makonyo, kinachofanya mali kwa kitu ambacho mtu angekitupa. Wengi hutaka viwanda vingine vya namna hiyo, na sisi tunataka pia. Neno letu ni kwamba vijengwe kwa mfano wa Ruembe na kasoro zake zirekebishwe. Visijengwe kwa mfano wa kiwanda cha viatu.

Wako watakaosema: mkiweka masharti, mwekezaji atakimbia. Khofu hiyo twaielewa, lakini Kilombero yaijibu. Aliyenunua mwaka 1998 aliikuta Serikali imebakisha robo nzima ya hisa, na aliwakuta wakulima wenye mashamba na vyama vyao. Hakukimbia, ameongeza kiwanda. Mwenye mtambo hahitaji watu wanyonge. Ahitaji miwa ifike kwa wakati, na miwa hufika ikiwa anayelima anapata faida. Kinachomkimbiza mfanya biashara ni kanuni inayobadilika kila msimu.

Kwa hiyo tunapendekeza mambo manne, yajadiliwe matawini kisha yapelekwe Wizarani kwa jina la Chama.

Kwanza, ardhi. Wenye eka tatu tatu zilizogaiwa baada ya 1964, pamoja na warithi wao, wapatiwe maandishi yaliyo wazi. Manamba wa Kimamba wametuonyesha mwisho wa mtu asiyekuwa na hati.

Pili, ahadi iandikwe. Kiwanda kitakachopewa ardhi au msamaha wa kodi kiandike kitaajiri wenyeji wangapi, na kitanunua kiasi gani kwa wakulima. Kila mwaka hesabu hiyo isomwe mbele ya watu, kwenye mkutano wa wilaya.

Tatu, mizani. Mjumbe wa wakulima asimame pale karafuu, makonyo au majani yanapopimwa uzito na daraja, na awe na haki ya kutaka kipimo kirudiwe. Wenzetu wa miwa walilalamikia jambo hili miaka mingi. Sisi tulianze nalo.

Nne, aliyepunguzwa apokewe. Mikumi wana chuo cha ufundi cha VETA, nasi Pemba tunacho kituo cha mafunzo ya amali Vitongoji. Aliyepoteza kazi kiwandani apewe nafasi humo bila ya kuulizwa umri, na mikopo isimfungie mlango kwa sababu ya miaka yake. Hili tuwafikirie na wachumaji wetu. Mchumaji hulipwa kwa pishi, na mwaka ambao mikarafuu haikuzaa hana pishi wala senti. Yeye ndiye mkata miwa wetu. Haitupendezei kuitaka Serikali imkumbuke ikiwa sisi wenye mashamba tumemsahau. Kila tawi lianze kuwaandika wachumaji wake wa kila msimu, ili ukija msaada wowote wajulikane kwa majina.

Serikali haiwezi kuahidi kwamba kiwanda hakitapunguza watu. Mashine huja, bei huanguka, na wenye mali hubadilika. Lakini yaweza kuhakikisha kwamba siku hiyo ikifika mtu hatoki mlangoni mikono mitupu. Huo ndio msaada tunaoutaka, na wakati wa kuuomba ni sasa, kabla ya kiwanda cha kwanza kuchorwa.

Haya ndiyo maoni yetu. Mwenye maoni mengine aandike. Nafasi yake ipo katika toleo lijalo, inshallah.

Katibu